Kanda Saba za Marehemu Baba: Maoni Kuhusu Huduma ya Kuhamisha Kaseti

Marehemu baba yetu alituachia kanda saba za kaseti alizojirekodi mwenyewe miaka ile tulipokuwa tukisoma mbali, na katika kila moja alianza kwa sala, akaendelea na habari za nyumbani, kisha akamalizia kwa kisa cha utani ambacho mara nyingi alishindwa kukifikisha mwisho bila kucheka. Nilizipeleka kwa mafundi wanaohamisha kanda za zamani kuwa faili za kidijitali, nami naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye sauti ya mzazi iliyofungiwa ndani ya kaseti na anayejiuliza kama huduma ya namna hii inafaa kulipiwa. Inafaa sana, ila kuna jambo moja la kuagiza kabla fundi hajaanza kazi.

Kwa upande wa ufundi sina budi kuwasifu. Kaseti moja ilikuwa imepoteza kile kipande kidogo cha sufi kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea, na fundi aliuhamisha utepe wote katika kasha jingine lenye skrubu bila kuukunja wala kuukata. Nyingine ilitoa sauti iliyofifia, kana kwamba baba anazungumza nyuma ya mlango uliofungwa, naye akarekebisha pembe ya kichwa cha kusomea kidogo kidogo mpaka maneno yakasikika kwa matamshi yake halisi. Nilikabidhiwa faili za WAV, ambazo hazikubanwa na hivyo huchukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, pamoja na nakala ndogo za MP3 za kutumiana kwenye simu. Kazi yenyewe haiharakishwi, kwa kuwa kaseti ya dakika 90 husomwa kwa dakika 90 zile zile, kwa hiyo sikuona vibaya kungoja wiki mbili.

Kasoro niliigundua nilipoketi kusikiliza. Baba niliyemsikia alikuwa safi mno. Mafundi walikuwa wamepitisha sauti yote katika programu ya kuondoa kelele, ambayo huhesabu kila mlio hafifu kuwa uchafu, kisha wakafupisha sehemu za kimya ili faili zisiwe ndefu. Aliyemfahamu baba anajua kwamba utani wake ulikaa ndani ya kimya hicho. Katika sala mojawapo alitutaja watoto mmoja mmoja, na alipomfikia mdogo wangu akasema, "Ee Mungu, mpe mwanangu huyu macho ya kuviona viatu vyake," akanyamaza kwa muda mrefu, ndipo akaongeza, "maana nakuonea haya kukuomba viatu kila asubuhi." Katika faili iliyosafishwa sentensi hizo mbili zilifuatana kama tangazo la redioni, na aliyesikilizwa hapo hakuwa tena mtu aliyemheshimu Mungu kiasi cha kutomficha kicheko chake. Walikata pia maneno aliyoyasema kila upande wa kwanza ulipokaribia mwisho, akiwa ameshika saa mkononi ili utepe usije ukamkatia amina: "Upande huu umekwisha, lakini mimi bado, geuzeni."

Nilirudi na kueleza, na kwa bahati njema walikuwa wamehifadhi faili ghafi, yaani sauti kama ilivyotoka kwenye utepe kabla ya kuguswa na programu yoyote. Walinipa zote bila malipo ya ziada, jambo ambalo nawashukuru kwalo kwa dhati. Humo niligundua kitu ambacho sikukitarajia: sekunde moja au mbili kabla ya baba kucheka, pale anaponyamaza, kicheko chake kinasikika kwa mbali sana, kisha ndipo anacheka kweli. Fundi alinieleza kwamba utepe unapokaa miaka mingi ukiwa umezungushwa, usumaku wa mzunguko mmoja huambukiza ule unaougusa, na tepe za dakika 90, kwa kuwa ni nyembamba, huathirika zaidi kuliko zile za dakika 60. Kwake hiyo ni hitilafu. Mimi nilimwomba asiiguse.

Kwa hiyo ninaipendekeza huduma hii kwa moyo mweupe, nikisisitiza kwamba mteja aagize faili ghafi kwa maandishi tangu siku ya kwanza, na nakala iliyosafishwa aichukue kama nyongeza tu. Usafishaji unaweza kufanywa tena wakati wowote, lakini kaseti haisomeki milele, na fundi asiyemjua mwenye sauti hawezi kujua ni kimya kipi kilikuwa cha maana.

Wajukuu ambao hawakumkuta hai wamekwisha kuizoea faili hiyo ya sala. Kile kicheko cha mbali kinapopita, wao huanza kucheka kabla babu yao hajafika kwenye viatu.