Nimecheza ligi ya fantasi ya besiboli ya msimu wa 1998, huu ndo uzoefu wangu

Wengi wetu fantasi tunayoijua ni ile ya EPL, Ijumaa jioni mtu anahangaika ukepteni ampe nani. Hii niliyocheza mimi ni ya besiboli, halafu ni ya msimu uliopita zamani kabisa, 1998, yaani wachezaji wameshastaafu, nani alifanya nini inajulikana, na bado kwa wiki tisa nilikuwa nalala saa saba usiku kwa ajili yake. Mke wangu siku moja akaniuliza, "Baba watoto, hao watu si walishaacha kucheza?" Nikamwambia ndio wameacha, lakini leo wanacheza na mimi ndo kocha wao. Msimu umeisha juzi, naandika wakati bado iko kichwani.

Nianze na kwa nini 1998. Nilifika Chicago Machi mwaka ule, baridi bado kali, nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa upande wa kaskazini, karibu na uwanja wa Wrigley Field. Mpishi wa zamu yetu alikuwa mzee mmoja kutoka Jamhuri ya Dominika, ana kiredio kimeganda mafuta ya kukaangia anakiweka juu ya rafu ya sahani, na Cubs, timu ya uwanja huo, siku hizo mechi nyingi za nyumbani zinachezwa mchana kwa hiyo sisi tunaandaa chakula cha jioni huku tunasikiliza. Sammy Sosa wa Cubs anatokea San Pedro de Macorís na mzee naye ni wa hukohuko. Kiingereza chake kidogo, changu cha shule, basi besiboli alinifundisha kwa vitu: sahani nne chini ndo besi, mwiko ndo rungu, ndimu ndo mpira, mrushaji anasimama kwenye mlango wa friji kubwa. Mei 6 kijana wa miaka 20 anaitwa Kerry Wood, ndo kwanza anaanza mechi yake ya tano kwenye ligi kuu, akawatoa wapigaji 20 wa Houston kwa straiki (mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au kuuacha, zikifika tatu ametoka) na wao wakapata hiti moja tu (kuupiga mpira na kufika besi salama), mzee akazima majiko yote akakaa chini kwenye ndoo. Mimi sikuelewa kila kitu ila nilielewa kwamba mtu mzima hakai hivyo kwenye ndoo bila sababu.

Halafu mwezi wa sita Sosa akapiga homurani 20 ndani ya mwezi mmoja (mpira unatoka nje ya uwanja, mpigaji anazunguka besi zote nne anarudi nyumbani), na rekodi hiyo ya mwezi mmoja mpaka leo hajaivunja mtu. Kule St. Louis kuna Mark McGwire naye anapiga, wote wawili wanaifukuzia rekodi ya 61 aliyoiweka Roger Maris mwaka 1961. Septemba 8 McGwire akapiga ya 62, na aliyerusha mpira ule ni Steve Trachsel wa timu yetu, inauma mpaka leo. McGwire akamaliza na 70, Sosa 66.

Katikati ya hayo yote kuna Agosti 7, siku ya mabomu ya Nairobi na Dar. Kwa saa za Chicago ilikuwa usiku, nimeamka asubuhi ndo nakutana na habari, dada yangu alikuwa anapita maeneo yale kila siku kwenda kazini na simu haziingii. Nikaenda kazini hivyohivyo. Mzee hakuniuliza kitu, alitoka akarudi na kadi tatu za kupigia simu, akanifungulia kiofisi cha bosi akaniambia kaa hapo piga mpaka ipatikane. Ilipatikana saa nane mchana, dada mzima. Niliporudi jikoni redio ilikuwa inaongea mambo ya Sosa, na toka siku ile msimu ule kwangu si besiboli tu. Ndo maana nilipoona tangazo la ligi ya fantasi ya 1998 sikujiuliza mara mbili, nikalipia.

Sasa inavyofanya kazi. Fantasi ya kawaida unasubiri mechi za kweli zichezwe ndo upate pointi. Hapa mechi za kweli hazipo, kwa hiyo kompyuta inachukua takwimu za kila mchezaji za 1998 inamtengenezea kama kadi, mara ngapi alipata hiti, mara ngapi alitolewa kwa straiki, mara ngapi alipewa besi ya bure, halafu kila mpira ukirushwa inapiga kama kete na kuangalia kadi ya mpigaji au ya mrushaji. Wazo lenyewe la zamani, kuna mchezo wa mezani unaitwa Strat-O-Matic aliutoa Hal Richman mwaka 1961, ni makadi na kete tatu, kete moja ndo inaamua usome kadi ya nani. Na fantasi hii ya kuchagua timu yako na kushindana kwa takwimu ilishika kasi kuanzia 1980 pale New York kwa Daniel Okrent na wenzake. Ligi yetu imechanganya vyote viwili.

Tulikuwa 12, kila mmoja anachukua wachezaji 25 kwa zamu, raundi ya kwanza kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, ya pili kurudi nyuma, hivyohivyo mpaka iishe. Mechi tatu kila usiku, siku sita kwa wiki, wiki tisa mechi 162 zimeisha sawa na msimu wa kweli. Unapanga kikosi mapema, na mechi ya kwanza unaweza kuiangalia mstari kwa mstari unavyotoka kwenye skrini. Hizo mbili nyingine unakuta matokeo asubuhi.

Niliangukia namba 4 kwenye kuchagua. McGwire akaenda wa kwanza, Ken Griffey Jr., mpigaji wa Seattle, wa pili (homurani 56 mwaka ule), mtu wa tatu akachukua mrushaji Pedro Martínez, na mimi nikamchukua Sosa bila kufikiria hata sekunde. Kwa akili ya fantasi ilitakiwa nimchukue Alex Rodriguez, 1998 alipiga homurani 42 na kuiba besi 46 (kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa), tena anacheza shotistopu, kati ya besi ya pili na ya tatu, ambako wapigaji wa hivyo hawapo, wakati nje kule anakocheza Sosa bado unapata watu wazuri mpaka raundi ya tano, Greg Vaughn alikuwa na homurani 50 na akachelewa kuchukuliwa. Wewe ukiingia kwa lengo la kushinda usifanye nilivyofanya. Mimi sikuja bila Sosa, basi.

Kitu kilichonifanya niiheshimu ligi hii ni wanavyowabana wachezaji waliocheza kidogo. 1998 Yankees wa New York walishinda mechi 114 na walikuwa na kijana anaitwa Shane Spencer, alisimama kupiga mara 67 tu za kuhesabika, homurani 10, wastani .373 (hiti 37 hivi kwa kila mara 100). Ukichukua kadi yake ukaichezesha msimu mzima una mtu anayempita Babe Ruth, gwiji wa zamani wa homurani, na nimeshacheza kwingine watu walikuwa wanafanya hivyo, timu nzima imejaa watu wa wiki tatu. Hapa kila mtu anacheza kiasi alichocheza kweli. Spencer akimaliza mara zake basi anakaa benchi.

Na hiyo sheria ndo iliyonipa usiku mzuri kuliko zote. Raundi ya tatu nilimchukua Kerry Wood. Mwaka ule alirusha iningi 166 na kidogo (mechi moja ina iningi tisa), Septemba yote hakucheza, kiwiko, na 1999 hakurusha kabisa alikuwa amefanyiwa upasuaji. Mimi kwa uroho nikawa namwanzisha kila zamu yake, anashinda, nafurahi, sikuangalia kihesabio pembeni. Kufika mechi ya 131 naona zimebaki iningi 9. Nilikaa na namba ile muda mrefu kwa sababu ndo kilichotokea kweli, yule kijana alirushishwa mpaka mkono ukakataa, na mimi na miaka yangu hii nimemfanyia vilevile kwenye kompyuta. Nikamweka kando karibu wiki nzima. Nikamrudisha mechi ya 148, tunacheza na yule jamaa mwenye Griffey, nikakaa na chai yangu nasoma mstari mmoja mmoja: mpira, straiki, straiki, ametoka. Iningi ya saba Griffey yuko kwenye rungu, watu wawili kwenye besi, mstari unaofuata unachelewa kutoka ile sekunde mbili tatu za mashine kufikiri, halafu inaandika Wood anarusha, Griffey anazungusha, straiki ya tatu. Nilisimama. Nyumba imelala, niko peke yangu sebuleni nimesimama mikono juu. Akamaliza amewatoa 13 kwa straiki ndani ya iningi nane, na ile iningi moja iliyobaki sikuitumia tena.

Mabaya yapo na nayasema kwa sababu mtu unalipa hela yako. Usiku wa kuchagua wachezaji mfumo ulinitoa nje raundi ya tisa, mpaka narudi umeshanichagulia wadakaji wawili mfululizo (wale wa kudaka nyuma ya mpigaji) wakati nilikuwa naye mmoja mzuri na nahitaji warushaji. Nikaandika malalamiko, jibu limekuja siku ya nne, na jibu lenyewe ni la kukopi na kupesti. Kwa ligi ambayo uzito wote uko kwenye usiku ule mmoja hilo ni kosa kubwa. Kingine ni suala la Randy Johnson. Huyu ni mrushaji, 1998 alianza Seattle akiwa wa kawaida, ameshinda 9 ameshindwa 10, Julai 31 akapelekwa Houston na kule akawa 10-1 na wastani wa 1.28 (pointi anazofungwa kwa iningi tisa, ndogo ndo nzuri), ni kama watu wawili tofauti. Ligi imemfanya kadi moja ya mwaka mzima, wastani 3.28 na wapigaji 329 waliotolewa kwa straiki. Naelewa kwa nini, ila kwa anayeukumbuka msimu ule ladha inapotea, mngemgawa, nusu msimu awe yule na nusu awe huyu. Na maelezo yote ni ya Kiingereza cha wataalamu, asiyejua besiboli ataachwa njiani wiki ya kwanza.

Kuna wanaoniuliza unawezaje kuupenda msimu ule baada ya yaliyojulikana. Ni kweli, McGwire mwenyewe alikiri Januari 2010 kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu, na Sosa naye maswali yamemfuata miaka yote. Mimi iliniuma sana kwa sababu ya mzee, yeye alikuwa anasema jina la Sosa kama anataja mtoto wake wa kumzaa. Lakini kiredio kile na zile kadi tatu za simu vilikuwa vya kweli, hilo halibadiliki, na ligi hii imenirudishia mchana ule wa jikoni kuliko picha yoyote niliyo nayo. Kama hukuuishi msimu husika, chagua mwingine unaoujua, wana misimu mingi. Hapa thamani ni kuwajua watu. Mtu akiona Trachsel raundi ya 18 anapita, mimi nikiona Trachsel namkumbuka Septemba 28, mechi moja ya kuamua nani aendelee, Cubs na Giants wa San Francisco, yule yule aliyepigwa ya 62 akarusha mpaka iningi ya saba bila kutoa hiti, tukashinda 5-3. Nilimchukua kwa heshima hiyo na akanilipa.

Vilevile nilimchukua Brant Brown raundi ya 22. Septemba 23 kule Milwaukee, iningi ya tisa, wapinzani wameshatolewa wawili bado mmoja tu mechi iishe, tunaongoza 7-5, mpira mwepesi umepanda kwake kushoto, ukamdondoka, watatu wakakimbia mpaka nyumbani, tumefungwa 8-7, na redioni Ron Santo, mtangazaji wa Cubs, alipiga ukelele wa mtu aliyefiwa. Mzee siku ile alifuta meza ile ile kama mara kumi. Nikamweka Brown kushoto palepale, kila alipoweza kucheza.

Tumemaliza 86-76, tumekosa mchujo kwa mechi mbili. Sosa wangu kapiga 61. Mzee sasa amerudi kwao, ana miaka themanini na kitu, nikamtumia matokeo yote kwa WhatsApp na mjukuu wake akamsomea. Ikaja sauti, Kihispania kimechanganyika na Kiingereza chetu cha jikoni, 61 akasema sawa, kompyuta haijui upepo wa Wrigley. Halafu akanyamaza kidogo, nasikia kuku nyuma yake, akauliza, na yule kijana wa kushoto, alidaka?

Nikamjibu aliangusha mmoja, mechi za mwanzoni, tulikuwa tunaongoza kwa sita.