Kisu cha kukunja kwa mkono mdogo: acha bapa, pima mpini

Mambo vipi wadau, karibuni. Meza imejaa visu vya kukunja leo, na sianzi na ukali, maana kisu chochote kinanoleka. Naanza na kiganja chako. Chukua rula, bana vidole vinne pamoja, pima upana kutoka kidole cha shahada mpaka cha mwisho, pale vinapoota kwenye kiganja. Ukipata sentimita 7 au chini ya hapo, kaa nami mpaka mwisho.

Watu wakifika Kariakoo swali la kwanza ni bapa lina urefu gani. Jamani, bapa halishikwi! Unashika mpini. Kwa kiganja cha sentimita 7, tafuta mpini wa kati ya 8 na nusu na 9 na nusu: vidole vinne vinakaa na nafasi kidogo inabaki. Angalia na unene. Ukikunja vidole, ncha zake zikaribie shina la kidole gumba. Zikiishia njiani mpini ni mnene, na kisu kitazunguka mkononi ukikandamiza. Kucha zikichimba kiganja, ni mwembamba mno.

Sasa mfuko. Tumbukiza rula hiyohiyo mpaka chini. Suruali nyingi za kina dada mfuko wa mbele ni mfupi, kwa hiyo kisu kikifungwa kiwe pungufu ya kina cha mfuko kwa sentimita 2. Ndiyo maana hii Opinel No. 8, kisu cha mpini wa mbao kinachosifiwa kila kona (namba ikipanda, kisu kinakua), naiweka pembeni: ikifungwa ni kama sentimita 11. Ukikaa kwenye daladala inachungulia nje.

Hii sasa. Opinel No. 6. Bapa kama sentimita 7, mpini unazidi 9 kidogo, uzito gramu 30 hivi. Kiwanda cha Ufaransa, historia mnaijua, tunaruka. Ninachotaka mkione ni hii pete hapa shingoni, ndiyo loki inayozuia bapa lisikunjike. Wameileta 1955, na inaanzia No. 6 kwenda juu, No. 5 kurudi chini hazina, kwa hiyo usidanganyike na udogo wake ukachukua No. 4.

Sogea karibu na kamera. Nafungua: ukucha kwenye mfereji huu, navuta. Bapa limenyooka. Sasa kidole gumba kinasukuma pete pembeni, kidogo tu, hadi inakaza. Nabonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole viko mbali na njia ya makali... halirudi. Kufunga: narudisha pete mpaka uwazi wake utazamane na mfereji wa mpini, ndipo nakunja. Umeona gumba langu lilikuwa wapi muda wote? Pembeni. Halikupita mbele ya makali hata mara moja.

Linganisha na hiki chenye loki ya bamba la ndani, yaani kibamba cha chuma ndani ya mpini kinachozuia bapa, aina iliyojaa mitaani. Kukifunga lazima usukume bamba kwa ncha ya gumba, na gumba hilo limesimama kwenye njia ya bapa linaporudi. Mwenye gumba refu anasukuma kwa ncha na kulitoa haraka. Mwenye gumba fupi anaingiza lote. Hapa nakasirika kweli, kwa sababu vingi vya bei ya chini bamba lake ni gumu na halijakaa sawa. Kabla ya kulipa fungua, kisha litikise bapa kushoto na kulia. Likicheza, rudisha, hata muuzaji akikupunguzia.

Turudi kwenye pete, maana ina kasoro. Usiikaze kwa nguvu zote. Imetengenezwa ikaze kadiri unavyoizungusha, ili ikilika bado ishike. Ukiilazimisha inang'ang'ania, na kidole chenye maji ya embe kinateleza. Ishike kwa pindo la kanga au leso. Kasoro ya pili ni mbao ya mpini. Unyevu wetu wa Dar, hasa masika, unaivimbisha na bapa linabanwa. Usivute mpaka ukucha ukatike. Hakikisha pete iko wazi, gonga kitako cha mpini mezani, hivi, bapa linachomoza kidogo upate pa kushika. Likiendelea kubana, acha kisu kikauke kivulini siku mbili, kisha pitisha msasa laini ndani ya mfereji, na tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, ile pini bapa linapozungukia.

Na chukua iliyoandikwa Inox kwenye bapa, yaani chuma cha pua. Ya Carbone, chuma cha kaboni, inanoleka kirahisi, naipenda, lakini ndimu inaitia weusi na hewa ya bahari inaitia kutu usipoifuta kila mara. Chapa ya mkono wenye taji iwepo pia. Isipokuwepo, hiyo si Opinel.

Kabla sijasahau, Jumamosi saa mbili usiku tuko mubashara na vinoo, bonyeza kengele.

Haya, mpinzani. Spyderco Dragonfly 2, kisu cha kampuni ya Marekani: milimita 84 ikifungwa, gramu 34. Tundu la bapani unalisukuma kwa gumba, mkono mmoja tu, na kile kibonyeo cha mbele, pale mpini unapokutana na bapa, kinapokea kidole cha shahada, kwa hiyo mpini mfupi unashikika kama mrefu. Ina klipu. Opinel haina, na kwa kuwa ni ya duara inateleza mfukoni. Toboa kitako kwa biti ya milimita 4 upitishe kamba. Dragonfly yenye jina Salt haishiki kutu hata ukikaa Kigamboni ufukweni. Nikiendelea kuishika hivi nakaribia kuigeuza kuwa chaguo la kwanza... ila bei. Marekani tu inapita dola 70, bado nauli na ushuru. Kwa pesa hiyo unapata No. 6 kadhaa. Nabaki na No. 6, isipokuwa kama kazi yako inaacha mkono mmoja tu huru, kama wa kwenye boti.

Victorinox Classic, kile kisu kidogo cha Uswisi cha milimita 58, ni ya nyuzi na pakiti. Inashikwa na vidole viwili tu na haina loki, usiikandamize.

Ukisafiri kwa ndege, kisu kiende kwenye begi la kupakia chini, si la mkononi.

Niandikie hapo chini upana wa kiganja na kina cha mfuko, kwa sentimita, nikujibu namba gani ikufae.