Rivyu: planna (mtaalamu wa mipango ya matumizi ya ardhi) tuliyemchukua kwa koti yetu, yaani nyumba zetu za geti moja, Buruburu, Nairobi, nampa nyota 4 kwa 5

Jina lake siweki hapa juu hajaniruhusu. Ofisi yake nayo si ya kupiga picha, iko juu kwa jengo moja huko River Road, lifti hakuna, viti vya plastiki, stimu ikipotea mnaendelea na tochi ya simu. Lakini kama kwenu kuna mtu ameamka akaamua nyumba ya familia inakuwa gorofa ya bedsita, soma hii kabla mchange pesa ya wakili.

Sisi tuko kwa zile mezonet za miaka ya 70, familia moja nyumba moja, geti moja, watu wanajuana. Mwenye ploti ya kona akaomba kubadilisha matumizi, chini maduka, juu vyumba. Bango la notisi aliliweka kweli, siwezi sema hakuweka, ila alilifunga ndani ya ua wa kayaba likiangalia ukuta, na ni watoto wakitafuta mpira ndio waliliona. Grupu ya WhatsApp ikawaka. Huyu anasema twende NLC, ile Tume ya Kitaifa ya Ardhi, juu hao ndio wenye ardhi ya Kenya yote, huyu anataka chifu, mwingine ati ako na namba ya mbunge, na mzee wa koti akasema yeye atalala kwa geti lori la mawe lisipite. Mama mmoja wa nyumba za nyuma ndio akasema kuna madam anajua hizi vitu, alisaidia watu wa kanisa lao.

Madam alikuja na kopi ya ramani ya mtaa na kalamu za rangi, hata chai hakungoja. Akapaka nyumba zetu kahawia, hiyo ndio rangi ya makazi kwa hizi ramani za mipango, maduka ya Mumias South Road akapaka nyekundu, shule rangi ya chungwa. Halafu akapaka ile ploti ya kona nyekundu, peke yake katikati ya kahawia, akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa wazee wangu, choo za hii nyekundu zinamwaga wapi?" Akafuata na kidole laini ya maji taka inapita nyuma ya jikoni zetu, paipu iliyowekwa kwa familia moja kila nyumba. Mzee wa koti alikuwa amejiandaa kuongea juu ya wageni na wizi na wasichana wa koleji, akaambiwa kwa heshima, baba hiyo weka kando, andika maji taka, andika parking, andika presha ya maji, juu hiyo ndio mtu wa mipango anaweza kujibu. Barua yetu yote ya kupinga ikatoka hapo.

Na kwa hayo maneno ya NLC ndio madam alistahili pesa yake. Tume ya Kitaifa ya Ardhi imeandikwa kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 67, na moja ya kazi zake ni kufuatilia na kusimamia upangaji wa matumizi ya ardhi nchi nzima. Watu wakisikia kusimamia wanadhani basi hao ndio wanapitisha majengo. Zii. Upangaji wenyewe umewekwa kwa kaunti, Jedwali la Nne la hiyo hiyo Katiba, na sheria ya mipango ya 2019 inasema ruhusa ya kujenga ama kubadilisha matumizi unaomba kaunti. Hata hati miliki si ya Tume, Mahakama ya Juu ilishasema Desemba 2015 hiyo ni kazi ya wizara. Tume ni kama kamisaa wa mechi, amekaa juu na karatasi zake anaandika ripoti, lakini filimbi iko kwa refa, na refa ni kaunti.

Mzee wa koti akauliza swali poa sana, sasa huyo kamisaa ni wa nini kama hawezi simamisha lori? Madam akasema kazi yake ni kubwa kuliko koti moja. Kila kaunti inatakiwa iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10 na iupitie kila miaka 5, Nairobi tuna NIUPLAN, mpango mkuu wa jiji, ya 2014 mpaka 2030 iliyofanywa na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, wakisaidia, sasa mtu lazima aulize, mpango mko nao? mnaufuata ama uko kwa kabati? Sheria ya Tume ya 2012 inawapa nguvu ya kuitisha rekodi na kufanya uchunguzi, hata kwa ofisi za serikali. Kwa hivyo barua yetu ilienda kaunti, na nakala ikaenda Tume. Nakala haisimamishi chochote, lakini malalamiko ya mtaa mmoja yakirundikana hapo, mtu wa kuyasoma kama kitu kimoja ni Tume, si kaunti iliyopitisha.

Mimi maoni yangu, ni sawa hivyo. Tume ikianza kupitisha ploti moja moja tutakuwa na stampu mbili na mabroka mara mbili. Shida yangu ni kwamba huo usimamizi mwananchi wa kawaida hauoni. Ningependa ripoti ya mtaa wangu nisome kwa simu, kwa Kiswahili, ikisema hapa mpango ulisema hivi na kimejengwa hivi.

Kitu kingine alitufungua macho ni tarehe. Notisi inakupa siku 14 kupinga. Na kwa hiyo sheria ya 2019, mwenye kuomba asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, inahesabiwa amepewa! Yaani kimya ni ndio, kwa hivyo kunung'unika kwa grupu hakusaidii mtu, andika, peleka, gongesha stampu ya kupokea kwa kopi yako. Uamuzi ukitoka na hujaridhika una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, baadaye ndio Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na mtu akijenga bila ruhusa ni faini mpaka laki 5 ama jela miezi 2 ama zote, ingawa kwa mwenye gorofa ya bedsita laki 5 ni kodi ya muda mfupi tu, hapo wabunge walilala.

Nyota moja nimetoa wapi? Voisi noti. Huyu madam hawezi kuandika mesej, anatuma sauti ndefu ako ndani ya mat Jogoo Road, makanga anapiga kelele, na jambo la maana liko mwishoni kabisa. Ripoti yake pia imejaa Kizungu cha chuo, mzee wa koti alisomewa na mjukuu. Na pesa anataka yote kabla, 15,000 kikao na barua, tulichanga nyumba zote isipokuwa moja (mnajijua). Risiti alitoa bila kuulizwa.

Barua imepokelewa, uamuzi bado. Kama shida yako ni mpaka, mwone mpima ardhi, na kama ni hati yenye majina mawili tafuta wakili, huyu atakwambia hivyo kwa simu na hatakulipisha. Anayemtaka kwa mambo ya mipango aingie inbox, lakini mpigie jioni, asubuhi huwa kwa foleni za watu wengine.