Uchambuzi wa Filamu: How to Steal a Million, Mapenzi Ndani ya Stoo

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo nawaletea filamu niliyoitazama, nikairudia, na hamu bado haijaisha. Inaitwa How to Steal a Million, ya mwaka 1966. Imeongozwa na William Wyler, na waigizaji wakuu ni Audrey Hepburn na Peter O'Toole. Ni kichekesho cha mapenzi ndani ya Paris, na kama unapenda mavazi, magari na nyumba zilizopambwa zikapambika, kaa mkao wa kula.

Kisa chenyewe ni hiki. Nicole ni binti wa mzee Bonnet, tajiri anayesifika kwa kukusanya kazi za sanaa. Kumbe mzee huzichora mwenyewe kwa siri, anaziwekea saini za wachoraji wakubwa, kisha anauza. Sasa ameliazimisha jumba la makumbusho sanamu ndogo ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, inayodaiwa kuwa ya Cellini, mchongaji maarufu wa kale wa Italia, akasaini na karatasi za bima bila kujua kwamba bima hiyo inataka sanamu ikaguliwe na mtaalamu. Ikikaguliwa tu, mzee kwisha habari yake. Binti afanyeje? Anamwendea Simon, kijana mtanashati ambaye Nicole alimfumania nyumbani kwao usiku akadhani ni mwizi, ili wakaibe sanamu ya familia yake mwenyewe!

Tuzungumzie mavazi, maana hapa ndipo nilipoipenda kabisa. Nguo za Hepburn zimebuniwa na Hubert de Givenchy, na kila nguo inasimulia jambo. Angalia ile sehemu ya baa kwenye hoteli ya Ritz. Nicole kaketi na gauni la lesi nyeusi, na usoni kavaa barakoa ya lesi nyeusi iliyofunika macho. Eti amejificha! Macho ya mtu yeyote anayeingia pale yataishia kwake. Unacheka, na papo hapo umeshamjua: binti huyu hajawahi kufanya uhalifu hata siku moja. Usiku wa wizi ndipo anavaa nguo za mfanya usafi, na Simon anamtania kwamba angalau Givenchy naye atapumzika.

Halafu ni ile stoo. Jamani, ile stoo! Wawili hawa wanajificha kwenye kijistoo cha mafagio na ndoo mpaka makumbusho yafungwe, na mlinzi anawafungia kwa nje. Ufunguo unaning'inia ukutani upande wa pili. Simon anatoa sumaku, anapima ukuta kwa utulivu wa fundi, na ule ufunguo unaanza kutambaa ukutani polepole kuelekea kwenye tundu lake. Wakati wote huo wamebanana uso kwa uso, hakuna pa kugeukia. Wyler hana haraka. Anawaacha wanong'one, wakosane kidogo, watazamane. Mapenzi yao hayakuletwa na hotuba wala maua, yamekuja wakiwa kazini pamoja, na ndiyo maana nayaamini.

Kengele za ulinzi nazo Simon anazishinda kwa bumerangi, kile kijiti kilichopinda ambacho ukikirusha kinakurudia. Anairusha ikate miale inayoilinda sanamu, king'ora kinalia, walinzi wanakuja mbio, wanakuta Venus iko palepale. Wanatulia, anarusha tena. Mwishowe wanaamua kukizima wenyewe. Sikuambii zaidi.

Kasoro ipo. Filamu ina dakika 123, na mwanzo wake unajivuta. Yule tajiri wa Kimarekani anayeigizwa na Eli Wallach anachekesha, ila habari zake zingepunguzwa kidogo, maana muda anaochukua yeye ningependa wapewe Nicole na Simon. Usikate tamaa, wakishaingia makumbusho hutabanduka.

Muziki ni wa John Williams, huyuhuyu aliyekuja kutunga ule wa Jaws na Star Wars. Hapa bado alikuwa akiandikwa Johnny Williams, na kazi yake ni nyepesi, ya kichokozi, inanyemelea pamoja na wezi wetu.

Kwangu mimi ni 9 kwa 10. Itazame na mtu unayempenda, simu mziweke mbali, hasa wakifika stoo. Ukiimaliza na bado unamtaka Hepburn, mwendee kwenye Roman Holiday ya 1953, maana mwongozaji ni Wyler yuleyule.