Watu wa kichupa: nyota nne kati ya tano

Kifurushi changu kilikaa juu ya friji miezi saba. Walio Uingereza na wamevuka hamsini wanakijua, ni cha kupima saratani ya utumbo mpana: bahasha ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ndani yake karatasi ya maelezo, kichupa cha plastiki, na bahasha ya kurudishia ambayo posta yake imeshalipwa. Unachukua kidogo cha kwako, unakitia kichupani, unatuma. Mke wangu kila akipangusa friji alikiinua, akapangusa, akakirudisha palepale. Hakusema neno. Mimi naendesha basi hapa Coventry, natoka nyumbani saa kumi alfajiri, kwa hiyo visingizio sikosi.

Waliokishusha kile kifurushi ni watu watatu wa kujitolea, na ndio ninaowaandika hapa. Tangu nianze kuwataja, Waswahili wenzetu wa Northampton na Leicester hawaishi kuniuliza kama ni watu wa kuitwa au watawapotezea Jumapili. Waiteni. Jina lao silitaji. Ni kikundi kidogo, simu yao ni moja, na isitoshe nina mawili matatu ya kuwasema. Anayewataka anitafute mimi.

Kazi yao ni kuzunguka kwenye kumbi, misikiti, makanisa na viwanda wakieleza saratani ya utumbo mpana. Hawatozi kitu, hakuna anayelipwa mshahara, na petroli wanajitilia wenyewe. Ukishaitwa hospitali, au ukigundulika unao, wanakufuata kwa simu mpaka uvuke. Mashirika makubwa yapo, na Bowel Cancer UK ndilo linalojulikana zaidi, lina hata wauguzi wa kukujibu maswali. Hawa wetu ni wa mjini tu, wenye termosi na sanduku la vipeperushi.

Kwenye jumuiya yetu walikuja Jumapili moja ya Aprili, mwezi ambao hapa Uingereza umetengwa kwa saratani hii. Tulitangaza saa nane mchana. Wao saa saba walikuwa mlangoni, sisi tukaanza kuingia saa tisa na robo, kama kawaida yetu, tumebeba sambusa. Projekta ya ukumbi ikagoma. Nilidhani wataondoka, na haki wangekuwa nayo. Yule mama kiongozi wao, mwalimu mstaafu, akafunga kompyuta yake, akavuta kiti, akasema tutazungumza tu. Halafu akauliza nani atatafsiri. Vichwa vyote vikanigeukia. Hilo ndilo langu la kwanza la kuwalaumu: kuja kwenye jumuiya ya Waswahili bila mkalimani, ukitegemea atapatikana, ni kamari.

Kamari yenyewe ilianza kunila kwenye sentensi ya pili. Mama akasema kila mtu azoee kuangalia anachokitoa kabla ya kuvuta maji. Nikatafsiri kiungwana: "Angalieni choo kabla ya kuvuta maji." Bi mkubwa mmoja wa Pemba, umri wake themanini hivi, akanijibu kwamba choo chake anakisugua kila asubuhi, hakina kasoro. Nikarekebisha: "haja kubwa." Vijana waliozaliwa hapa wakatazamana, hawalijui. "Kinyesi," nikasema, na hapo nikawa kama nasoma ripoti ya bwana afya. Jasho likanitoka. Yule bi mkubwa akaniona, akanionea huruma, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima:

"Sema mavi, mwanangu. Sote tunayo."

Watu walicheka mpaka mlinzi wa jengo akachungulia. Baada ya hapo ikawa mavi moja kwa moja, na ukumbi ukafunguka. Mwalimu aliuliza kimetokea nini, nikamweleza, akaomba nimwandikie lile neno kwenye kadi.

Likaja somo la kichupa. Kumbe huwa anabeba chokoleti ya kuonyeshea, na siku hiyo alikuwa ameisahau nyumbani. Akatupa macho mezani kwenye vitafunio, akaiona halua. Sitasahau. Alikata kipande, akakiweka kwenye sahani ya karatasi, akakisokota mpaka kikafanana na chenyewe. Akazungusha kifuniko cha kichupa, kikatoka na kijiti chenye mifereji midogo nchani. Akakikwaruza juu ya halua, mara moja, mara ya pili, mpaka mifereji ikajaa. Basi. Kidogo hivyo. Akakirudisha, kikalia tak, akaandika tarehe. Sekunde kumi. Wazee waliokumbuka kipimo cha zamani, kile cha kadi ambacho ulitakiwa kuchota katika siku tatu tofauti, walitikisa vichwa. Hiki kipya kilianza kutumika England mwaka 2019, na mara moja inatosha. Kinatafuta damu ambayo jicho haliioni.

Swali letu likawa lilelile: unayadakaje? Hayatakiwi kugusa maji ya choo. Mwalimu akasema tumia chombo chochote kisafi, kama mkebe wa aiskrimu, tandika karatasi ndani. Dada mmoja wa Nairobi akauliza kama kopo la Blue Band linafaa. Linafaa. Wanaume wawili nyuma wakaulizana kwa kunong'ona nani ana Blue Band siku hizi. Halua yenyewe ilibaki mezani, hakuigusa mtu.

Wa pili wao ni bwana mmoja mnene, dereva wa lori, ana mfuko wa stoma. Kwa wasioujua: sehemu ya utumbo imetolewa nje kupitia tumboni, na choo kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa. Alipandisha sweta bila haya, akaupigapiga kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Ameupa jina la meneja wake wa zamani. Mzee mmoja wa Lamu akasimama kuuliza, na hakuwa anatania: mwenye mfuko huo anaswali vipi, na udhu wake ukoje? Bwana akanitazama, nikatafsiri, akafikiri, akasema, "Hilo si langu, mwulizeni mwenye elimu yake." Nilimpenda kwa jibu hilo kuliko yote aliyoyasema. Maalimu wetu alikuwepo, akaeleza kwamba huyo ni mwenye udhuru, anatia udhu kwa kila swala ikishaingia, anaswali, na swala yake inasihi. Dereva naye akachukua kalamu, akaandika.

Wa tatu ni binti. Aligundulika akiwa na miaka 34. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa akiona damu, na kila aliyemwona alimwambia ni bawasiri. Hapo sikuhitaji kutafsiri. Nilisema "bawasiri" tu na kina mama wote wakaitikia "eee". Kwetu ndivyo. Ukitoka damu ni bawasiri, ukiumwa chini ya kitovu ni mchango, ukivimba ni ngiri, na kisichoingia kote huko ni vidonda vya tumbo. Kaka yangu mkubwa alifia Tanga mwaka 2009 kwa hilo "tumbo". Alikonda mpaka saa yake ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Alikunywa dawa za mchango, akanywa za bawasiri, jina la ugonjwa hatukulipata hadi tunamzika. Sikuyasema haya ukumbini. Nilitafsiri.

Binti alimtaja Deborah James, yule mwanahabari Mwingereza aliyekuwa akiuzungumzia ugonjwa wake hadharani huku anacheka, akafariki Juni 2022 akiwa na miaka 40. Ukumbi haukumjua. Akamtaja Chadwick Boseman, aliyecheza kwenye filamu ya Black Panther, aliyekufa 2020 na miaka 43. Vijana wakashtuka, wengine hawakujua kwamba ilikuwa saratani hii. Nikaongeza la kwangu bila ruhusa: Ken Okoth. Mbunge wa Kibra, alifariki tarehe 26 Julai 2019, miaka 41, saratani hiihii. Wakenya wote wakanyamaza. Mwalimu aliniuliza baadaye nilisema nini pale, maana alihisi hewa imebadilika. Hilo naye aliliandika.

Walizozitaja kama dalili za kukupeleka kwa daktari ni hizi, nazileta kwa maneno yetu: damu kwenye mavi au ikitoka yenyewe, tumbo kubadili tabia yake bila sababu na lisirudi, kukonda bila kujikondesha, uchovu usioisha hata ukilala, maumivu au kivimbe tumboni. Huna haja ya kuwa nazo zote, na huna haja ya kusubiri kifurushi. Kifurushi ni cha wasio na dalili, kinakuja kila baada ya miaka miwili kwa wenye miaka 50 hadi 74. Ukivuka hapo unapiga 0800 707 60 60 unaomba. Mwenye dalili aende kwa GP, yaani daktari wa mtaani aliyejiandikisha kwake, awe na miaka thelathini au themanini.

Na jambo ambalo kwetu lilikuwa na faida kuliko mengine yote: kifurushi kinafuata anwani uliyoandikisha kwa GP. Nusu ya watu pale wamehama nyumba mara tatu. Kuna bwana ambaye GP wake bado yuko London, na yeye ana miaka sita Coventry. Vifurushi vyake amekuwa akipelekewa mpangaji mwingine huko. Dereva wa lori alikaa naye kwenye kona, wakafungua simu, wakajaza fomu ya GP mpya pale pale. Dakika ishirini. Sambusa zilipoa.

Kwenye chakula ndipo walipoanguka. Karatasi yao ilikuwa ya mkate wa unga usiokobolewa na uji wa shayiri, basi. Mwalimu alipoulizwa kuhusu ugali alibabaika. Ilibidi dada mmoja muuguzi, wa kwetu, asimame kutofautisha dona na sembe, na kuwakumbusha watu kwamba maharage na mchicha wameviacha wenyewe, hawakuambiwa na mtu. Nyama ikaleta zogo kabisa. Ushauri wa hapa ni kwamba anayekula nyama nyekundu na ya kusindikwa zaidi ya gramu 90 kwa siku ashushe hadi 70. Kijana mmoja akauliza gramu 70 ni mishikaki mingapi. Tulipomwonyesha, akasema hiyo ni ya kuonja chumvi. Mtu anayekwenda kwenye jumuiya ya watu aulize kwanza wanakula nini. Nyota iliyopungua, nusu yake iko hapa.

Nusu ya pili ni simu. Shangazi wa mke wangu, miaka 63, alirudisha kichupa wiki ileile. Barua ikaja: imeonekana damu, aende kupimwa kwa kamera. Hakulala. Tukapiga ile namba yao moja siku mbili, haipokelewi. Siku ya tatu binti akapiga mwenyewe, anaomba radhi. Zamu ilikuwa ya mtu aliyekuwa kwenye matibabu yake mwenyewe. Nikaona aibu ya hasira zangu, lakini malalamiko yangu nayaacha palepale. Mtu mwenye barua ile mkononi, siku mbili ni nyingi.

Alipopatikana lakini, alipatikana. Alikaa kwenye simu na Shangazi jioni nzima ya ile dawa ya kusafisha tumbo, ile ya kunywa lita na lita na kukimbilia chooni. Dawa zenyewe na sukari ya Shangazi hakuthubutu kuzigusia, alisema hayo ni ya muuguzi wa hospitali na akampa namba yake. Yeye alimweleza mambo ya mtu aliyepita njia: paka mafuta ya mgando mapema, vaa dera, kaa karibu na mlango, kunywa kwa mrija. Siku mbili kabla alitakiwa kula vyakula vilaini visivyo na makapi. Shangazi, ambaye zahanati imemwambia miaka kumi aache wali mweupe, akasikia kwamba sasa wali mweupe ndio wenyewe, na samaki. Alifurahi kama mtu wa Idi.

Hospitalini walikuta vinyama viwili, wakavikata humohumo kwenye kipimo. Saratani nyingi za utumbo huanza na vinyama kama hivyo, vinakaa miaka bila kuuma. Vyake havikuwa vimegeuka. Binti alipiga tena wiki iliyofuata, kisha mwezi uliofuata, bila kuombwa. Safari hiyo Shangazi alimfundisha kupika samaki wa kupaka.

Na changu? Nilikishusha usiku uleule. Kopo la Blue Band hatukuwa nalo, nikatumia la aiskrimu. Nilikitia kwenye sanduku la posta lililo mbele ya gereji ya mabasi, nikatazama kushoto na kulia kama mwizi. Majibu yalikuja ndani ya wiki mbili: hakuna la kufuatilia kwa sasa, tutakuletea kingine baada ya miaka miwili. Mke wangu aliisoma, akapangusa friji.

Mwezi jana mwalimu alinipigia. Alikuwa ametoka kuzungumza na Wakenya na Wakongo wa mji mwingine, safari hii amebeba maneno yangu kwenye kadi, na alikuwa amejikaza kuanza kwa Kiswahili mwenyewe. Akaniambia amewauliza kama kuna aliyewahi kuona damu, na watu wote wakashangaa, mmoja akamwuliza ni chuo kipi. Nikamwambia arudie alichosema. Akarudia, taratibu, kama alivyozoea kufundisha:

"Damu kwenye chuo."

Nimemtumia kadi mpya. Safari hii nimeandika mavi tu.