Jenereta au sanduku la betri kwa siku ya otokrosi? Uliza kwanza kama linajizima

Sanduku letu la betri lilikuwa na chaji asilimia 81 lilipozima. Naanza na namba hiyo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki huniuliza kama nilisahau kulichaji usiku. Sikusahau. Lilikuwa limeshiba kuliko tangi la pikapu iliyolibeba.

Tulikuwa kwenye raundi ya klabu ya otokrosi, yaani mbio za magari zinazopimwa muda kwenye vumbi, uwanja ulio upande wa Athi River. Watoto wa kitengo cha Bambino walikuwa wameshamaliza mizunguko yao na wazazi wanapiga picha. Meza ya muda ilikuwa chini ya hema: laptopu, printa ndogo, ruta, na kile kisanduku cha muda kinachosoma macho ya mwanga (vihisi vinavyoona gari likipita) pale mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Kwenye saa sita, gari likiwa katikati ya uwanja, kisanduku kikazima, maana sanduku la betri lililokilisha stima lilikuwa limezima. Tukawasha. Baada ya muda kikazima tena. Kufikia jioni tulikuwa tumepoteza muda wa magari matano, na dereva mmoja, mzee mwenye wajukuu, akaniambia mbele ya watu kwamba klabu ikishindwa kupima muda basi iandae nyama choma tu, nayo atalipia kiingilio.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na sanduku la betri mlangoni pa duka kabla hawajafungua. Kijana wa kaunta akalichomeka, likawaka, akaniangalia kwa huruma. "Sista, haijaharibika. Inajizima ikiona hakuna kazi." Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Kasoro yenyewe

Masanduku mengi ya betri, haya ambayo wauzaji huyaita pawa stesheni, yametengenezwa kwa mtu anayepiga kambi. Yakiona mzigo umeshuka chini ya kiwango fulani kwa muda fulani, yanaamini umeshalala, yanafunga soketi ili kuokoa chaji. Kwa friji ndogo au taa za hema, hakuna shida. Kwa meza ya muda ni janga, maana vifaa vya kupimia muda hula stima kidogo mno. Chetu nilikipima baadaye kwa mita ya kuchomeka ukutani: wati 12. Chaja ya simu yenye haraka hula zaidi ya hapo.

Sasa fuata mtiririko wa siku. Asubuhi laptopu inachaji, printa inatoa orodha za kuanzia, ruta inafanya kazi, mzigo mzima ni kama wati 70 na sanduku halina wasiwasi. Mchana laptopu imeshajaa, printa imelala, na mtu amehamisha ruta kwenye gari ili ipate mtandao vizuri. Imebaki ile wati 12. Sanduku linahesabu dakika zake kimyakimya, halafu linafunga. Ndiyo maana ukilijaribu nyumbani kwa saa moja halikuonyeshi chochote. Hungoja mchana wa mashindano.

Nilipolalamika hadharani, wasomaji waliniandikia. Mmoja wa Arusha, anayesaidia mbio za pikipiki, alidhani ruta yake ni mbovu akanunua nyingine. Mwingine wa Nakuru hufunga balbu ya zamani ya wati 40 kwenye soketi ya pili, iwake mchana kutwa juani, ili sanduku lisilale. Nilicheka, kisha nikapiga hesabu: wati 40 kwa saa nane ni wati-saa 320, karibu theluthi moja ya sanduku la wati-saa 1,024. Umelipa pesa nyingi kununua betri, kisha unamulika jua.

Kwa hiyo mwongozo huu hauna maelezo marefu kuhusu uzito, sauti, idadi ya soketi au rangi. Hayo yapo kwenye kila boksi. Mimi napanga kwa swali moja: je, kitu hiki kitaendelea kuwaka mchana kutwa nikikipa wati 12?

Ya kwanza: Honda EU10i

Sifichi, mimi ni mtu wa Honda. Nyumbani kwetu kulikuwa na pampu ya Honda iliyonyweshea sukuma na vitunguu tangu sijui kusoma, na mpaka leo ukiivuta kamba mara mbili inanguruma. Nimejaribu kuwa na haki. Nimeshindwa.

EU10i ni jenereta ya petroli. Ina kilo 13, tangi la lita 2.1, na hutoa wati 900 za kuendelea. Ni ya inveta, kifaa kinachogeuza stima iwe kama ya ukutani, kwa hiyo stima yake ni laini na laptopu haiogopi. Ukiipa wati 12, injini inashusha mwendo inabembea hapo hapo siku nzima. Haikuulizi kama umelala. Yetu ya klabu ikilisha meza ya muda peke yake, tangi moja linatoka saa mbili asubuhi hadi alasiri.

Mambo mawili lakini, na yote mawili yamewahi kuniaibisha. Nayo hujizima oili ikipungua, na kihisi chake hudanganyika ukiiweka kwenye mteremko. Iweke pasawa, na uchungulie oili kabla ya kuvuta kamba, hata kama fundi amekuapia kwamba aliongeza jana.

La pili ni mwinuko. Vitabu vya Honda vinasema nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo wati 900 zako zimebaki kama 710. Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, ni kama 680. Mombasa unazipata zote, ila Mombasa hakuna anayeniita kupima muda. Kwa meza haidhuru. Ila usimruhusu mtu yeyote achomeke birika la stima, hata akiwa mwenyekiti. Chai ipikwe kwenye meko ya gesi.

Ya pili: EcoFlow Delta 2, ukishairekebisha

Sikutaka kuipenda baada ya yaliyonikuta na sanduku langu (ambalo ni la kampuni nyingine, na sitaitaja). Lakini msomaji wa Nairobi aliniazima ya kwake kwa raundi mbili na nimelainika. Wati-saa 1,024, wati 1,800, kilo 12, betri ya LFP (aina ya lithiamu), inajaa kwa muda wa kama saa moja na dakika ishirini kwenye stima ya nyumbani. Meza yetu ikila wati 70 kwa saa nane ni wati-saa 560. Ongeza kinachopotea ndani ya inveta, bado unabaki na akiba ya kuchaji simu za mamarshali, wasimamizi wa uwanja. Na mwinuko hauihusu: wati zake za Kisumu ndizo za Eldoret.

Nayo inakuja kutoka kiwandani ikiwa imepangiwa muda wa kujizima. Tofauti ni kwamba ndani ya programu yake unaweza kuiambia isijizime kamwe, na ikasikia. Fanya hivyo nyumbani, ukiwa na intaneti, siku moja kabla. Si uwanjani, simu ikiwa na kijistari kimoja cha mtandao na madereva wamekuzunguka.

Kero yangu ni feni. Vumbi letu la otokrosi si vumbi la kambi ya Ulaya. Sanduku lolote lenye feni liweke juu ya kreti ya soda, upande ambao upepo unatokea, na usilifunike leso ati unalikinga. Litapata joto.

Ya tatu: Honda EU22i

Ni dada mkubwa: wati 1,800 za kuendelea, 2,200 kwa kilele, tangi la lita 3.6, kilo 21 na kidogo. Kama klabu yenu ina vipaza sauti, skrini ya matokeo na mtangazaji asiyenyamaza, nunueni hii. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja: klabu zinainunua zikidhani itaendesha kompresa ya matairi. Kompresa ya karakana inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa kwenye kibati chake, na huku juu EU22i yako imeshabaki na kama wati 1,420. Itakoroma, taa za hema zitafifia, na kisanduku cha muda kitajiwasha upya kama kimezaliwa leo. Kompresa ya volti 12 iliyobanwa kwenye betri ya pikapu inatosha kwa matairi, na iwe mbali na meza yangu.

Ya nne: Bluetti AC180

Wati-saa 1,152, wati 1,800, kilo 16. Ni sanduku zuri la betri, na wenye nayo watanijia juu. Hali yake ya kujizima inaitwa ECO. Izime kabla ya kutoka nyumbani. Mbona iko chini ya EcoFlow? Kilo nne. Mimi ndiye ninayebeba.

Betri ya gari na inveta

Vijana wengi wa klabu wanatumia hii na siwacheki. Betri ya volti 12 ya amp-saa 100 ni wati-saa 1,200 kwenye karatasi, ila ya asidi ukiizoesha kushuka chini ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Inveta nyingi za kawaida hazina akili ya kujizima kwa mzigo mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani ujinga wa mashine umenifurahisha. Nunua ya mawimbi kamili, usinunue ile ya mawimbi ya ngazi inayofanya printa ilie kama mbuzi.

Vijenereta vya bei ya chini, hasa vile vya kuchanganya petroli na oili: vinawaka, vinapiga kelele, stima yake inapanda na kushuka. Taa, sawa. Meza ya muda, hapana.

Kuhusu wauzaji, na nitasema tu

Ukienda Mtaa wa Luthuli, Nairobi, au ukitafuta mtandaoni, jambo la kwanza utakalokutana nalo ni "bei inbox". Kwa nini? Sukari ina bei kwenye rafu. Gari lina bei kwenye kioo. Jenereta pekee ndiyo inayohitaji tuzungumze faraghani kama posa. Ukiingia huko inbox unaulizwa uko wapi na unafanya kazi gani, halafu bei inatokea ikiwa imeshakupima mfuko.

La pili ni hizi wati za kilele. Boksi limeandikwa 2,200 kwa herufi za ukubwa wa kiganja, na 1,800 imejificha nyuma karibu na namba ya mashine. Hiyo angalau ni ya kweli. Kuna vijenereta vyekundu vyenye jina linalokaribia Honda kwa herufi moja, ambavyo hata namba ndogo ya nyuma ni ndoto. Risiti ukiomba, unapewa karatasi isiyo na namba ya mashine, halafu siku ya garantii unaulizwa utathibitishaje kwamba ni hii.

Wala usimtegemee binamu aliye Dubai akuletee sanduku kwenye begi. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 haipandi ndege ya abiria, na hata sanduku dogo kabisa kati ya haya limepita hapo. Linakuja kwa meli, linalipiwa ushuru, na kila mkono linaopitia unaongeza chake.

Petroli nayo tusiisahau. Julai 2023 VAT yake ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila tarehe 14 ya mwezi tunakaa kusubiri EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, itangaze bei. Kiingilio cha mashindano yetu hakijapanda tangu wakati huo. Mhasibu wa klabu anajua ninachomaanisha.

Ukienda dukani, bebea taa ndogo ya LED ya wati tano au chaja ya simu. Mwambie muuzaji awashe sanduku, chomeka hiyo taa tu, kisha ketini. Uliza muda wa kujizima ni dakika ngapi, na kama unaweza kuufuta kabisa. Kama ni saa mbili, toka ukanywe chai urudi. Muuzaji mmoja aliniambia nampotezea wakati. Nilimwambia mimi nimeshapoteza muda wa magari matano, tukaelewana.

Sanduku langu la zamani bado ninalo. Kwa kuchaji simu na kuwasha televisheni stima ikipotea mtaani ni zuri kabisa, kwa sababu televisheni inalipatia kazi ya kutosha. Naliuza, na boksi lake na risiti yenye namba ya mashine. Bei ni shilingi elfu arobaini na tano, na nimeiandika hapa hapa.