Keria ya baiskeli kwenye gari: pima kwanza, nunua baadaye

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo tunaongelea keria za kubebea baiskeli kwenye gari, maana nimeshatumia zote tatu, ya juu ya paa, ya mikanda inayofungwa kwenye buti, na ya nyuma inayokaa kwenye ndoano ya kuvutia tela, na moja kati ya hizo iliniunguzia tairi, tutafika huko.

Kabla hujaanza kuangalia keria, pima baiskeli. Sitanii. Panda kwenye mzani mikono mitupu, panda tena umeibeba, toa, umemaliza. Ya kawaida utakuta kilo 10 mpaka 15 hivi, ya umeme inafika 25 na wakati mwingine inapita. Wengi tunasoma pale kwenye boksi "baiskeli mbili" tunaridhika, kumbe kuna maandishi madogo yanasema kila moja isizidi kilo ngapi, na hayo madogo ndiyo yenyewe.

Halafu fungua kile kitabu cha gari ambacho hujawahi kukifungua. Humo kuna uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba na uzito ambao ndoano inaruhusiwa kukandamizwa kwenda chini, huu ni tofauti na uzito wa kuvuta, usichanganye. Na keria yenyewe inahesabiwa! Tuseme ndoano yako mwisho kilo 75, keria ina 18, baiskeli mbili za umeme za 25 kila moja, hapo uko 68, umebaki na 7 tu. Betri zitoe uziweke ndani ya gari, unapunguza uzito na haziloi na mvua.

Haya, ya mikanda. Hii ndiyo rahisi kuliko zote na kama unasafirisha baiskeli mara mbili kwa mwaka mimi sikukatazi. Ila hakikisha imetajwa kwamba inaingia kwenye gari lako, hasa kama buti lina spoila ya plastiki au mlango wa nyuma ni kioo kitupu. Futa vumbi kwenye rangi kabla ya kufunga, kwa sababu zile pedi laini za keria zinazoegemea gari zikikaa juu ya mchanga zinageuka msasa, mkwaruzo wa gari langu bado upo. Na mikanda inalegea jamani, ukishatembea kilomita kadhaa simama, shuka, kaza tena. Na ukishafunga, buti halifunguki, kwa hiyo maji na chakula vikiwa humo ndani imekula kwako.

Ya paa inakuachia nyuma kote wazi, buti linafunguka, kamera ya nyuma inaona. Ila kuinyanyua baiskeli juu ya kichwa ukiwa umeshachoka, mh! Upepo unapiga kelele, mafuta yanakwenda, na siku moja utasahau kuna kitu juu uingie parking yenye dari fupi. Bandika karatasi kwenye dashibodi. Kuna zile zinazoshika foki, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, lazima utoe gurudumu hilo, hizo angalia ekseli yako ni ya aina gani na ina milimita ngapi, 12 na 15 haziingiliani bila adapta. Kama una breki za diski za mafuta usije ukaminya breki gurudumu likiwa limetoka, pedi zinabanana na utapata kazi ya kuzitenganisha, weka kipande cha plastiki katikati.

Sasa hii ya ndoano, ndiyo ninayotumia. Kwanza jua ndoano yako, kuna ya kichwa cha mviringo cha milimita 50, ile ya Ulaya, na kuna ya tundu la mraba la Kimarekani, inchi 2 au inchi 1 na robo. Keria ya moja haiingii kwenye nyingine hivi hivi. Kisha kuna za kuning'iniza na za trei. Ya kuning'iniza ndiyo iliniunguzia tairi, gurudumu lilikuwa limeshuka usawa wa bomba la moshi na mimi sikuangalia, tulipofika nasikia harufu ya mpira nikadhani ni breki za gari, nimeinama chini ya gari kama fundi kumbe ni tairi ya baiskeli imeyeyuka upande.

Ya trei, magurudumu yanakaa juu ya trei na baiskeli hazigongani sana. Una fremu ya kaboni? Tafuta inayobana gurudumu, ile yenye mkono unaoshika fremu achana nayo. Chukua inayoinama pia, ili ufungue buti baiskeli zikiwa juu yake. Na kama inaziba taa na namba ya gari, utahitaji ubao wa taa, ule wenye taa na namba unaofungwa nyuma ya keria, angalia plagi ya tela kwenye gari ina pini 7 au 13 kabla hujalipa.

Ngoja niwaonyeshe hapa, nimeshafunga. Nashika baiskeli, natikisa kwa nguvu… mnaona gari zima linatikisika nayo? Hivyo ndivyo. Ikicheza baiskeli peke yake, fungua uanze upya.